Wasomaji Wanauliza: Msaada Wako Ukifika Hospitalini

Safari hii tumekusanya maswali ya wasomaji wanaotaka kuzisaidia hospitali za wilaya na za mashirika ya dini nchini Tanzania. Yanajibiwa na jopo letu la wauguzi, fundi wa vifaa tiba na afisa ustawi wa jamii.

*Sisi ni Watanzania tunaoishi Columbus, Ohio. Tumepata mashine sita za kuzalisha oksijeni zilizokwisha kutumika majumbani, kila moja ya lita 5 kwa dakika. Tunataka kuzipeleka hospitali ya wilaya ya nyumbani. Tufanyeje?*

Ndugu zetu, oksijeni inahitajika kwelikweli. Mtoto mwenye nimonia ambaye kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kinasoma chini ya asilimia 90 haifai asubiri hata saa moja. Lakini kabla ya kufunga mzigo, geuzeni kila mashine msome kibandiko cha nyuma. Mashine nyingi za huko zimetengenezwa kwa umeme wa volti 120 na hezi 60, wakati wa Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Wengi hudhani transfoma inamaliza tatizo. Transfoma hushusha volti tu, hezi hubaki zilezile. Mota ya kompresa huzunguka polepole, hupata moto, na oksijeni hutoka pungufu huku mashine ikiendelea kuunguruma kana kwamba ni nzima. Kama kibandiko kinataja 120/60 pekee, tunawashauri mashine hizo zigawiwe hukohuko, na fedha ya kusafirishia inunue mashine chache zilizotengenezwa kwa umeme wetu.

Zikiwa za 230/50, ziwasheni moja baada ya nyingine, zikae kama nusu saa, kisha pimeni usafi wa oksijeni kwa kipima oksijeni huku mtiririko ukiwa lita 5 kamili. Ikisoma asilimia 90 hadi 96, mashine inafaa. Ikishuka chini ya 82, mgonjwa anapewa kitu kisichomtosha. Chanzo cha kawaida ni chembechembe za ziolaiti zilizomo ndani, ambazo kazi yake ni kunasa naitrojeni. Zikivuta unyevu, na huvuta hasa mashine inapokaa stoo miezi bila kuwashwa, haziwezi tena kuichuja hewa sawasawa.

Kila mashine ifuatane na vichujio vya akiba vya mwaka mzima, mipira ya puani ya saizi ya mtoto mchanga na ya mkubwa, stabilaiza, na kipimo cha kidoleni. Kipima oksijeni kimoja kinatosha kwa zote sita. Kichujio cha nje huoshwa kwa maji na sabuni kila wiki na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Zingatieni pia umeme: mashine ya lita 5 inakula takriban wati 350, yaani yuniti zaidi ya 8 kwa siku ikiwa haizimwi. Mashine sita ni yuniti 50 kwa siku. Ulizeni hospitali kama bajeti ya LUKU na dizeli ya jenereta inazimudu. Kama haizimudu, mchango wenu wa umeme utaokoa watoto wengi kuliko mashine ya saba.

Kuhusu njia: pateni kwanza barua ya Mganga Mfawidhi inayosema hospitali inavihitaji vifaa hivyo na itavipokea. Barua hiyo ndiyo itakayotumika kuomba kibali cha kuingiza vifaa kutoka TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na kushughulikia msamaha wa kodi. Haya yakamilike kabla mzigo haujaondoka, maana ukifika bandarini bila karatasi, gharama za kuhifadhi zinaanza kuhesabiwa, na anayedaiwa ni mpokeaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya taarifa za vifaa zaidi ya 110,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, ulikuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Mafundi wachache, vipuri visivyopatikana na umeme usiolingana vina sehemu kubwa katika hali hiyo.

*Kikundi chetu cha akina mama, Tanga, kina shilingi 700,000. Kila mwaka tunapeleka sabuni, biskuti, juisi na sukari wodi ya watoto. Tumeambiwa tubadilishe. Kuna ubaya gani?*

Akina mama wenzetu, sabuni endeleeni nayo, maana haijawahi kutosha wodini. Biskuti na juisi ndizo zinazotutia wasiwasi. Kwenye wodi hiyohiyo wamo watoto wenye utapiamlo mkali wanaolishwa maziwa maalumu ya F-75, yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100, kwa kiasi kinachopimwa kwa uzito wa mtoto, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Mwili wa mtoto huyo hauhimili mzigo mkubwa wa chakula kwa ghafla, na kila anachokula nje ya ratiba kinaharibu hesabu ya muuguzi. Mama aliyekaa na njaa tangu asubuhi akipewa pakiti ya biskuti atammegea mwanawe, na nani atamlaumu? Lisheni akina mama wenyewe: wali na maharage, ugali na dagaa, wale nje ya wodi.

Fedha iliyobaki nunueni khanga. Mtoto njiti hutunzwa kwa njia ya kangaruu: anakaa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, amevaa nepi, kofia na soksi tu, amesimama wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande, miguu imekunjwa kama ya chura. Khanga inapitishwa mgongoni mwa mtoto na kukazwa, ukingo wa juu ukiwa chini ya sikio ili shingo isilegee na pumzi ikaziba. Anakaa hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku, na wapo wanaokaa wiki kadhaa. Khanga hulowa maziwa, jasho na mkojo, kwa hiyo mama anahitaji doti mbili: moja mwilini, moja kambani. Chagueni za pamba tupu, zifueni kwanza ziondoke wanga. Ongezeni kofia za sufu laini.

Msigawe kitanda kwa kitanda. Nendeni kwa Muuguzi Mfawidhi au Katibu wa Afya, mwombe orodha ya upungufu pamoja na matumizi ya mwezi. Mara nyingi mtakuta vitu vidogo vidogo: glovu, vibanio vya kitovu, gozi, nyuzi za kushonea. Siku ya kukabidhi, vitu viingizwe kwenye leja ya stoo mkiwapo, mpewe hati ya mapokezi iliyogongwa muhuri. Hati hiyo inamlinda mtoaji na mtumishi pia.

*Mimi ni mzee wa Moshi. Kwenye WhatsApp napokea picha za wagonjwa wanaochangiwa. Nitajuaje fedha yangu inafika?*

Shikamoo mzee wetu. Usitume kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Piga simu hospitalini au nenda, uliza Afisa Ustawi wa Jamii kama mgonjwa huyo yupo na bili yake ikoje. Hospitali ya serikali itatoa namba ya kumbukumbu ya malipo ya bili ile. Ukiiingiza kwenye simu, hakikisha jina la mlipwaji linalojitokeza ni la hospitali kabla hujaweka namba ya siri. Hospitali ya dini nayo ina akaunti ya benki au lipa namba kwa jina lake. Dai stakabadhi. Uliza vilevile kama mgonjwa anastahili msamaha: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamo kwenye sera, na wengine wasiojiweza hufanyiwa tathmini.

Tungependa pia ufikirie nauli, kwa sababu huko ndiko matibabu yanakokatikia. Chukua mtoto aliyezaliwa na miguu kifundo, yaani nyayo zilizopindia ndani. Anafungwa plasta kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba, kila moja ikiunyoosha mguu kidogo. Kisha wengi hufanyiwa mkato mdogo wa kano ya kisigino na kuwekwa plasta ya mwisho ya wiki tatu. Baada ya hapo ni viatu vyenye kipande cha chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, na usiku tu mpaka afikie miaka minne au mitano. Plasta yenyewe ni bei ndogo. Lakini mama wa kijijini anahitaji nauli kila wiki kwa karibu miezi miwili, na akikosa safari mbili mguu unaanza kurudi ulikotoka. Mwambie Afisa Ustawi wa Jamii ungependa kubeba nauli za mtoto mmoja hadi amalize, alipwe safari kwa safari anapofika kliniki. Kwa mtu mmoja mwenye kipato cha kawaida, hatujui mchango unaomaliza kazi kuliko huo.

*Dawa zilizobaki nyumbani baada ya mgonjwa kufariki, naweza kuzipeleka zahanati?* (Msomaji, Morogoro)

Pole sana kwa msiba. Hapana, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha zilihifadhiwa katika joto gani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unakataza dawa zilizokwisha kutolewa kwa mgonjwa kugawiwa tena, na dawa za msaada zinapoingia nchini zinatakiwa ziwe na angalau miezi 12 kabla ya kuisha muda. Zirudishe kwa mfamasia ziteketezwe. Magongo, kiti cha magurudumu na kitanda, hivyo vipeleke.

*Sina fedha. Nitoe nini?* (Kijana, Dodoma)

Damu, kaka. Uwe na miaka 18 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, na wingi wa damu uliopimwa ukatosha. Chupa moja ni kama mililita 450. Mwanaume anaweza kurudia kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Damu hupimwa UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Kula na unywe maji ya kutosha kabla ya kwenda. Ukiweza, nenda shule zinapokuwa zimefungwa, kwa sababu wanafunzi ni sehemu kubwa ya wachangiaji na wakiwa likizo akiba hushuka. Chembe nyekundu hazihifadhiki zaidi ya wiki sita, kwa hiyo damu iliyotolewa kwa wingi siku moja ya maadhimisho haitamfikia mtoto wa malaria atakayeletwa miezi mitatu baadaye.