Zimwi usilitume kazi

Mtoto wa ndugu yangu alikuwa na miaka saba nilipomtia hofu ya bahari. Kwetu Lamu watoto wakishatoka chuo cha Kurani huteremka gatini, wakaruka majini, wakapanda, wakaruka tena, na kuwatoa pale wakati wa magharibi ni kazi. Basi nikabuni dude. Nikawaambia kwenye mikoko ya Mkanda, mkondo wa bahari kati ya Manda na bara, kuna zimwi, kichwa chake kama jahazi lililopinduka, na jua likizama linatoka kumtafuta mtoto aliyechelewa. Siku tatu mfululizo walifika nyumbani kabla ya adhana, nami nikajiona mlezi hodari. Siku ya nne tulikuwa tunavuka kwenda Manda, kumpokea bibi yao uwanja wa ndege. Yule mtoto alipoiona mashua alikumbatia nguzo ya gati, akakataa kuiachia. Hakulia. Alitetemeka tu, macho yameganda kwenye maji. Ndugu yangu akanigeukia: "Umemwambia nini mtoto?"

Ilinichukua karibu mwaka mzima kumrudishia bahari yake. Nilimrudishia kwa hadithi, kwa sababu kwa hadithi ndiko nilikomnyang'anya. Mwenye mtoto wa umri huo nyumbani, awe mzazi, ami, shangazi au bibi, naomba anisikilize.

Jambo la kwanza ni hilo la kulituma zimwi kazi. Sisemi mazimwi yaondolewe kwenye hadithi. Watoto wanayapenda, na hadithi isiyo na adui wa kutisha wanaiacha katikati wakaenda kucheza. Lakini zimwi la hadithi lina mtu wa kupigana nalo, na zimwi la kuwahimiza watoto kurudi nyumbani halina. Mtoto anajiuliza: kama ami ndiye aliyelituma, nani atanitetea? Swali hilo hakunitamkia, nililisoma usoni mwake pale gatini. Kama umeshafanya kosa hili, mwambie mtoto wazi kwamba ulibuni, na umtake radhi. Mimi nilifanya hivyo usiku uleule. Haikutosha, maana hofu ikishaingia haitoki kwa kuambiwa toka. Lakini bila neno lile yaliyofuata yasingefaa kitu.

Baadaye nikamletea shujaa. Alikuwa anawapenda mno hao wa kwenye simu ya kaka yake, wanaoruka angani na kuinua magari. Alikuwa akijifunga leso ya mama yake shingoni, fundo mbele, akaruka kutoka barazani mikono imenyooka. Nikaona dawa ni hiyo. Nikamsimulia shujaa anayekuja mbio kutoka mawinguni, ngumi moja, zimwi chali. Alishangilia sana. Usiku, nilipokuwa namfunika shuka, akaniuliza: "Ami, na yeye akiwa mbali?"

Nililala na swali lile. Kila nilipomwongezea shujaa nguvu, mtoto alizidi kuwa mdogo kitandani mwake. Shujaa asiyeshindwa anaokoa watu wa hadithini tu. Anayesikiliza anabaki kungoja aje.

Nilichokuwa nakitafuta nilikipata kwenye kisa cha katuni cha Kimarekani cha mwaka 1960, kile kilicholitoa kundi la mashujaa la Justice League kwa mara ya kwanza, toleo la 28 la jarida la The Brave and the Bold. Wamo Wonder Woman, Flash, Aquaman, Green Lantern na wenzao. Nilitarajia adui wao wa kwanza awe joka au jini. Alikuwa kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota! Kiti cha pweza kikubwa mno, kina jicho moja katikati, kimetoka anga za mbali, kinaitwa Starro, na kinazishika akili za watu mpaka mji mzima unakitii. Ni kijana mmoja tu ambaye Starro hakuweza kumshika, Snapper Carr, naye hana nguvu yoyote ya ajabu. Kijana huyo alikuwa amemwaga chokaa kwenye nyasi za nyumbani kwao, na chokaa imemshika mwilini. Flash akatilia shaka jambo hilo, Green Lantern akachunguza na kuthibitisha, na wakamfunika Starro kwa chokaa mpaka akashindwa kujitikisa.

Niliposoma hapo niliinuka nikaushika ukuta.

Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za zamani za mji wa Lamu, ni matumbawe na chokaa. Matumbawe yenyewe ndiyo yanayochomwa kwenye tanuri la magogo yakawa chokaa, kwa hiyo ukuta mzima ni bahari iliyopanda nchi kavu. Jioni ile umeme ulikatika, watoto wakakusanyika uani, nikapiga "Paukwa!", wakaitika "Pakawa!", nikawasimulia kisa chote. Nilipofika kwenye chokaa, yule mtoto alinyoosha kidole akakwaruza ukuta nyuma yake. Unga mweupe ukamjaa kwenye ukucha. Akauangalia kwa mwanga wa kandili. "Ami, ni hii yetu?"

Nikamwambia ndiyo, ni hii. Usiku ule sikufunika mtu shuka. Alijifunika mwenyewe.

(Tahadhari moja, na ni ya dhati: chokaa iliyotoka tanurini kabla ya kuzimwa kwa maji inaunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Watoto wangu nimewaruhusu ukuta, ndoo ya fundi nimewakataza.)

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: silaha inayomaliza dude iwe kitu ambacho mtoto anaweza kukigusa kabla ya kulala, na anayeileta awe yule mdogo kundini. Upanga wa miale haumsaidii, kwa sababu kesho asubuhi hatauona popote. Kwa mtu wa Malindi huenda kikawa kitu kingine, kamba ya nanga, kifuu, taa ya karabai. Tazama kilichopo nyumbani ndipo utunge.

Na dude nalo liwe na mwili. Zimwi langu la Mkanda lilikuwa halina mwili, ndiyo maana lilienea bahari nzima. Wakati wa bamvua, maji yalipotoka sana, nilimchukua ufukweni kwenye majani ya bahari, yeye mabegani mwangu, hataki kukanyaga. Tukakiona kiti cha pweza, cheupe chenye vinundu vyekundu. Nikachuchumaa naye mgongoni. Nilikigeuza taratibu ndani ya maji, na kule chini kwenye mifereji ya mikono yake mitano vimiguu vidogo vikawa vinajinyoosha na kujikunja, mamia, kila kimoja kama uzi wenye kikombe mwishoni. Akashuka mabegani mwenyewe ili aone vizuri. Maji yalimfika magotini, wala hakukumbuka kuyaogopa. Nikamweleza kwamba wako wa jamii yake ambao wakikuta chaza huvuta magamba yake mawili polepole mpaka yaachane kidogo, kisha hutoa tumbo lao nje na kulipenyeza humo ndani wakala. Alikunja uso, akacheka, akataka nirudie. Kisha tukakirudisha palepale kilipokuwa, kwa sababu si cha kuanikwa juani wala cha kuuzwa.

Nilimwongezea na habari ya wavuvi wa chaza wa huko Marekani. Walikuwa wakivikata vipande viti vya pweza vilivyowamalizia chaza, wakavitupa baharini, na mnyama huyu akikatwa mkono huotesha mwingine, hata kipande chenye sehemu ya kati kinaweza kuwa kiti kizima. Kumbe walikuwa wanavizidisha. Baadaye wavuvi hao walimwaga chokaa kweli, kama kwenye kisa. Hapo mtoto alielewa bila mimi kumfafanulia kwamba panga si dawa ya kila dude. Habari kama hizi zina thamani kubwa kwenye hadithi, kwa sababu mtoto ana pua kali ya uongo. Akijua nusu ya mambo ni kweli, anajisalimisha kwa nusu nyingine.

Sasa marafiki wa shujaa. Hapa ndipo wasimulizi wengi wanapochoka. Wanataja majina matano halafu shujaa anafanya kila kitu, wale wengine wanashangilia. Sisi watu wa huku hatuna udhuru, tunaye Fumo Liongo. Bibi yangu alikuwa akituhadithia kifungo chake, na nguvu za Liongo alikuwa akizitaja kwa sentensi mbili tatu tu. Muda wake wote aliutumia jikoni. Mama anaoka mikate, wa unga mzuri na wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa anaficha tupa. Kijakazi Saada anaibeba mpaka gerezani. Walinzi wanakula mizuri, wa wishwa wanamwachia mfungwa. Kisha usiku ngoma ya gungu inarindima nje, na kelele zake zinaifunika sauti ya tupa ikikata pingu. Bibi akifika hapo alikuwa akisugua kisu kwenye jiwe taratibu, krr, krr, nasi tukipiga makofi ili asisikike. Sisi ndio tuliokuwa gungu. Mtu mwenye nguvu kuliko wote wa pwani hii angeozea ndani kama si mama, kijakazi na wapiga ngoma.

Wape watoto wako kazi hizo. Katika hadithi tuliyotunga sisi, shujaa anajua kuruka lakini hajui mikondo ya Mkanda, anayeijua ni binti wa mvuvi. Punda ndiye anayebeba makapu ya chokaa, na mdogo wa mwisho ana kazi ya kupiga makofi mara tatu wakati wa kumwaga. Asipopiga, dude halifi. Nimeshawahi kusubiri dakika nzima kwa sababu alikuwa anatafuna mkate wa mofa.

Shujaa naye awe na mahali pa kuumia. Liongo alikuwa na kitovu, na sindano ya shaba ndiyo iliyomwua, mkononi mwa mwanawe wa kumzaa. Mwisho huo siwapi watoto wa miaka saba. Nawaambia tu kwamba hata yeye alikuwa na siri mwilini, nao wananionyesha vitovu vyao.

Kuhusu saa za kusimulia sina mengi. Dude lisiachwe hai wakati wa kulala. Kama hadithi ni ndefu, katia mahali marafiki wanapokula au kupumzika. Tazama mikono ya mtoto kuliko uso wake: akianza kuvuta shuka au kuuma leso, punguza sauti, lete punda, lete chai. Na ukimaliza, maliza. Usigeuze hadithi kuwa mawaidha ya kusikiliza wazazi, kwa sababu watoto wataligundua zimwi lako la zamani limevaa kanzu mpya. Wasome dua yao walale.

Mwaka huu ametimiza miaka tisa. Anaruka gatini na wenzake, na wakati wa magharibi nateremka mwenyewe kuwaita, kwa majina yao, mara mbili au tatu, mpaka koo linikauke. Wiki iliyopita umeme ulikatika tena nikamkuta uani anamsimulia dada yake mdogo. Alikuwa amebadilisha mambo mengi, dude lina macho manne, shujaa ni msichana. Alipofika pale linapopanda ukuta wa bahari, dada yake akajivuta nyuma na kushika pindo la leso. Naye akanyamaza. "Lete mkono," alimwambia, akauchukua, akauweka ukutani.