Nakuru hadi Kisumu kwa gari lako: pitia Kericho, tena mchana

Dada mmoja wa Njoro ameniandikia akiuliza kama anaweza kuendesha gari mwenyewe hadi Kisumu, yeye na wanawe, na kama ni heri wasafiri usiku magari yakiwa machache. Kuendesha unaweza, dada. Usiku, hapana.

Swali hilo limenigusa kwa sababu juzijuzi nilimpeleka mama Kisumu kuliona Ziwa Victoria. Nilipotaja safari nyumbani, shemeji yangu alisema mbele ya watu kwamba mteremko wa Kericho si wa mwanamke, akajitolea kunitafutia dereva. Maneno yale yananichoma hadi leo. Mimi nimesambaza maziwa kwa pikapu mitaani Nakuru miaka nenda miaka rudi, matope kwa vumbi, na ndugu hao hao wameyanywa.

Tulitoka kumepambazuka. Kutoka Salgaa kupanda Sachangwan malori hutambaa, na hamu ya kuyapita ni kubwa. Usiipe nafasi. Barabara hii ina historia ya misiba: Januari 31, 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan, likawaka moto watu wakiteka mafuta, na zaidi ya mia moja wakafariki. Juni 30, 2023, mbele zaidi kuelekea Kericho, kwenye makutano ya Londiani, trela liliyavamia magari, wachuuzi na abiria, likaua zaidi ya watu 50. Mahali hapo punguza mwendo hata kama njia ni nyeupe.

Mau Summit, karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, unaiacha njia ya Eldoret na kushika kushoto. Baridi ni kali na ukungu huteremka hadi kwenye lami, washa taa. Halafu majani chai yanaanza, kilima baada ya kilima, kijani hadi macho yanachoka. Tulisimama mahali palipo na nafasi ya kutosha kando ya barabara. Mama, aliyekunywa chai maisha yake yote, alikuwa hajawahi kuuona mchai. Aliinama akashika kichipukizi na majani yake mawili, akakisugua kidoleni, akanusa. "Mbona hainuki chai?" Nikamweleza kwamba harufu ile hutoka kiwandani, majani yakishanyaushwa, kusagwa na kukaushwa. Hakuniamini mara moja.

Ukishaupita mji wa Kericho na Kapsoit, jiandae. Kutoka Kericho hadi ziwani unashuka zaidi ya mita 800, na sehemu kubwa unaishuka kabla ya kufika tambarare za Kano. Gia iliyokupandisha ndiyo ikuteremshe. Gari la otomatiki litie L au 2, yaani gia za chini, injini ilishike gari, na breki uzikanyage kwa vipindi, si kuzilalia mguu njia nzima. Zikipata moto sana hazishiki tena. Wala usitie gari free, yaani bila gia, eti unaokoa mafuta. Matatu ilinifuata ikinipigia honi mfululizo. Niliiachia njia na kuendelea na gia yangu. Kipsitet mama alikuwa amevua sweta na leso, vioo vyote chini, akisifu joto. Hakuna aliyemkumbuka shemeji.

Awasi na Ahero ni bodaboda, ng'ombe na matuta. Nenda polepole tu. Tulifika Kisumu mchana, tukaenda moja kwa moja Dunga, ufukweni mwa ziwa, mama akala ngege (tilapia) mzima kwa ugali, akaniita dereva mbele ya mhudumu. Nilijivuna, na nilistahili.

Akina dada, acheni kungoja kukabidhiwa dereva. Usukani ukiwa mkononi mwako, mwendo ni wako: abiria akikuhimiza, mwache ahimize, mwenye haraka apite. Tunawalea watoto, tunaendesha biashara, kisha tunaombaje ruhusa ya kuteremka kilima?

Kwa hivyo, dada wa Njoro: breki zikaguliwe wiki moja kabla, si asubuhi ya safari, ili fundi akipata kasoro uwe na muda. Toka saa kumi na mbili na nusu, maana mvua ya Kericho hupenda alasiri. Wabebee watoto masweta ya Mau na nguo nyepesi za Kisumu. Na ukifika Dunga, uliza bei ya samaki kabla hajaingia kwenye mafuta.