Mpango wa Dharura Usioujua Upepo

King'ora cha zoezi letu la pili kilipolia, saa nne asubuhi, wakazi wapatao mia mbili walitoka majumbani mwao kwa utulivu, wakafuata mishale iliyobandikwa kwenye nguzo, wakakusanyika katika uwanja wa shule uliotajwa kwenye mpango wa dharura kuwa mahali salama. Wasimamizi walitazama saa zao na kuandika kwamba dakika 18 zilikuwa zimetosha. Mimi nilikuwa nimesimama ndani ya uzio wa kiwanda, karibu na tangi la amonia tulilolifanya chanzo cha ajali ya kubuni, na kitambaa cha kuonyesha upepo kilichokuwa juu yangu kilikuwa kimenyooka kuelekea uwanja ule ule. Laiti gesi ingekuwa ya kweli, tungekuwa tumewaongoza watu wale, kwa nidhamu kamili, hadi mahali ambako wingu la sumu lilikuwa linakwenda.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba jibu lilikuwa kabatini mwangu. Kazi yangu wakati ule ilikuwa kuandaa taarifa za kila robo mwaka zinazoonyesha kama kiwanda kimezingatia viwango vya ubora wa hewa vya ukanda wetu, na kila taarifa ilibeba rekodi ya upepo ya saa kwa saa kutoka kituo cha upimaji. Rekodi ile ilionyesha wazi kwamba katika miezi hiyo upepo wa asubuhi huvuma kuelekea shuleni, kisha hugeuka baada ya adhuhuri. Waliouandika mpango wa dharura, ambao ni watu makini na wenye moyo wa kazi, hawakuwahi kuiona kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa ipo. Nami sikuwahi kuipeleka kwao kwa sababu niliamini kwamba dharura ni shughuli ya zimamoto na kwamba yangu ilikuwa vibali na vipimo. Tangu siku ile nimekuwa mjumbe wa kamati ya dharura kwa miaka 9, na karibu kila ushauri ninaowapa wenzangu unatokana na kosa lile. Faili la dharura na faili la ubora wa hewa yanazungumzia hewa ile ile, na yakikaa katika ofisi mbili zisizosemezana, kila moja linakuwa na upofu wake.

Anayedhani kwamba ninalazimisha undugu usiokuwepo na atazame yaliyotokea Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, wakati takriban tani 40 za methili isosayaneti, kemikali yenye sumu kali, zilipovuja kutoka katika kiwanda cha viuatilifu na kuua maelfu ya watu waliokuwa wamelala. Kiwanda kile kilikuwa na mtambo wa kuosha gesi kabla haijatoka nje, na kilikuwa na mnara wa kuchomea gesi. Vyote viwili ni vifaa ambavyo mkaguzi wa hewa huviandika katika fomu zake. Usiku ule mnara haukuweza kutumika kwa kuwa kipande cha bomba lake kilikuwa kimeondolewa kwa matengenezo, mtambo wa kuosha haukuweza kulimudu wimbi la gesi lile, na mfumo wa kupozea tangi ulikuwa umezimwa tangu miezi ya nyuma. Kila mara ninaposoma maelezo hayo ninajiuliza ni nani alijua, na kama yupo aliyejua, alimwambia nani nje ya uzio.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolisisitiza popote ninapoitwa ni hili: kifaa cha kudhibiti uchafuzi kinapoharibika au kuzimwa kwa matengenezo, hiyo ni habari ya dharura, hata kama hakuna kilichovuja. Vibali vingi vya utoaji wa hewa chafu tayari vinamtaka mwenye kiwanda aiarifu mamlaka ya hewa pale anapokiuka masharti. Nakala ya taarifa hiyo hiyo ipelekwe siku hiyo hiyo kwa mkuu wa zimamoto na kwa mratibu wa dharura wa eneo, ikisema kifaa gani hakifanyi kazi, kwa muda gani, na ni gesi gani ambayo sasa haina kinga. Tulipoanza utaratibu huu baadhi ya mameneja waliogopa kwamba wanajishtaki wenyewe. Ilituchukua mwaka mzima na vikao vingi kuwaonyesha kwamba zimamoto hawatafuti kosa. Wanataka kujua wavae nini na wasimame wapi.

Watunga sheria wa nchi nyingine waliuona uhusiano huu mapema kuliko sisi. Marekani, sheria ya mwaka 1986 iliyotokana na mshtuko wa Bhopal ndiyo iliyounda kamati za dharura za maeneo na kuvitaka viwanda vitangaze kemikali vinazohifadhi. Lakini miaka minne baadaye ni marekebisho ya sheria ya hewa safi, si sheria ya uokoaji, yaliyowataka wenye kemikali hatari waandae mpango wa kudhibiti ajali na kukokotoa tukio baya zaidi linaloweza kutokea. Ulaya nako, ajali ya kiwanda iliyomwaga dioksini, kemikali ya sumu, huko Seveso, Italia, Julai 1976, ilizaa kanuni za mwaka 1982 ambazo katika toleo lake la 2012 zinataka mpango wa dharura wa nje ya kiwanda upitiwe na kujaribiwa angalau kila baada ya miaka 3. Kwa maoni yangu miaka 3 ni mingi mno kwa orodha ya simu. Sisi tunazipiga namba zote kila baada ya miezi 3, na haijapata kutokea tusikute angalau moja isiyopatikana.

Sasa nirudi kwenye upepo, kwa sababu hapo ndipo mipango mingi niliyopewa niisome huanguka. Mtu huchukua mchoro wa upepo wa mwaka mzima, huona upande unaovumiwa zaidi, kisha huweka sehemu ya kukusanyikia upande wa pili na kuridhika. Wastani wa mwaka hausemi lolote kuhusu saa tisa usiku. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa haraka, hewa iliyo karibu nayo hupoa pia, na juu yake hubaki tabaka lenye joto zaidi linaloifunika kama mfuniko wa chungu, hivyo kinachotoka chini hakipandi wala hakichanganyiki. Hali ya namna hiyo, ikichangiwa na moshi wa makaa ya mawe, ndiyo iliyoifanya London ya tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 kuwa kaburi la maelfu ya watu bila ajali yoyote kutokea. Na ndiyo sababu hesabu ya tukio baya zaidi niliyoitaja hapo juu hutumia kwa kawaida upepo wa mita 1.5 tu kwa sekunde katika hewa iliyotulia kabisa. Watu hudhani upepo mkali ndio wa kuogopwa, ilhali upepo mkali huitawanya gesi na utulivu huihifadhi.

Kutokana na hayo, tulifuta sehemu moja ya kukusanyikia na kuweka mbili zilizo pande tofauti, na tukaandika kwamba afisa wa zamu haruhusiwi kutangaza mahali pa kwenda kabla hajasoma kipimo cha upepo cha wakati huo na kukitamka kwa sauti kwenye redio ya mawasiliano. Tuliandika pia kwamba kwa uvujaji wa muda mfupi, watu wabaki ndani. Wafunge madirisha na milango, wazime feni na viyoyozi, wazibe nyufa kwa nguo zilizoloweshwa. Ikiwa gesi ni klorini, ambayo ni nzito karibu mara mbili na nusu kuliko hewa, wapande ghorofa ya juu kama ipo. Amonia ina ugumu wake: vitabu husema ni nyepesi kuliko hewa, na ni kweli, lakini ikitoka tangini kwa shinikizo hutoka ikiwa baridi sana na kuchanganyika na matone, ikatambaa ardhini kama ukungu. Nimekuta mpango uliowaelekeza wakazi washuke chini kwa sababu ya sentensi moja ya kitabu. Usisahau pia kuandika tangazo la mwisho, lile la kuwaambia watu wingu limepita na sasa wafungue madirisha yote, kwa sababu nyumba iliyojifunga huwa imeingiza kiasi fulani cha gesi, na mtu akiendelea kujifungia ataivuta hiyo wakati nje hewa imekwisha kuwa safi. Katika zoezi letu la kwanza tangazo hilo halikuwepo kabisa.

Upande wa vipimo nao una mitego yake, na hapa ninawasemesha zaidi maafisa mazingira wenzangu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa miongozo yake mipya mwaka 2021 liliweka kiwango cha chembechembe laini za PM2.5 kuwa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka na 15 kwa wastani wa saa 24. Viwango vya kisheria katika nchi nyingi viko juu ya hapo. Cha Marekani kwa saa 24, kwa mfano, ni 35. Hebu tufikirie siku ambayo kwa saa 23 kipimo ni 12, na kwa saa moja moto wa ghala unakipandisha hadi 300. Wastani wa siku hiyo utakuwa 24, na kwa kiwango hicho cha Marekani siku hiyo haina doa, ingawa mtoto mwenye pumu aliyekuwa akicheza nje katika saa ile huenda amelazwa hospitalini. Wastani una kazi yake, nami sipingi matumizi yake katika kupima mwenendo wa miezi na miaka. Ninachokidai ni kwamba kituo cha upimaji kilicho karibu na ghala la kemikali kipeleke takwimu za kila dakika kwa chumba cha dharura, na kwamba mtu wa zamu aelezwe mapema kuwa kifaa kinachopima chembechembe hakiioni amonia wala klorini, ili asije akatazama kioo kilichotulia na kuwaambia watu kwamba hewa ni salama.

Kuna jambo ambalo wapangaji wa dharura hulisahau kwa nia njema, nalo ni kwamba uokoaji wenyewe huchafua hewa. Umeme ukikatika kwa siku 5, jenereta za dizeli zenye kibali cha kuwashwa kwa saa chache kwa mwaka zitapitisha saa hizo zote kabla ya wiki kwisha. Baada ya mafuriko hujitokeza mtu wa kupendekeza kwamba mabaki ya nyumba yachomwe palepale ili barabara zifunguke, na ndani ya mabaki hayo mna plastiki, mbao zilizopakwa dawa, pengine na asibesto. Hata maji ya zimamoto yanayofyonza wingu la amonia hugeuka sumu ya samaki yakiingia mtoni. Haya yote yanaweza kujadiliwa mapema na ofisi ya hewa ya ukanda, jua likiwaka na watu wakiwa na subira: ni jenereta zipi zitapewa nafuu na zitaripotiwa vipi, ni kiwanja kipi kitapokea mabaki bila kuyachoma, nani atajenga tuta la kuzuia maji. Ukisubiri siku yenyewe utajikuta unaomba ruhusa kwa simu isiyopokelewa.

Tulijifunza hilo kwa uchungu ghala la matairi lilipoungua karibu nasi kwa siku 4. Kituo cha upimaji kilirekodi viwango vya juu mno, na miezi kadhaa baadaye ofisi ya ukanda ikataka maelezo, kwa kuwa siku hizo zingehesabiwa kama uvunjaji wa viwango. Sheria za hewa za baadhi ya nchi huruhusu siku za matukio yasiyo ya kawaida, kama moshi wa moto wa msituni, ziondolewe katika hesabu ya kuzingatia viwango iwapo ushahidi utatolewa. Sisi hatukuwa na ushahidi wa kutosha. Hakuna aliyekuwa ameandika moshi ulibadilika mwelekeo saa ngapi, wala aliyepiga picha zenye muda, wala aliyehifadhi matangazo tuliyowapa wakazi. Leo mpango wetu una mtu mmoja, na naibu wake, ambaye kazi yake pekee wakati wa tukio ni kuandika. Ningependa hata hivyo niseme wazi kwamba kuiondoa siku katika hesabu hakumwondolei mkazi kile alichokivuta. Kwa hiyo kila siku tunayoomba iondolewe, tunaambatanisha pia maelezo ya tulichowaambia watu na tulichowapa, pamoja na idadi ya barakoa zilizogawiwa na shule zilizofungwa.

Ukitaka kuanza mahali fulani wiki hii, omba kikao cha saa mbili kati ya aliyeandika mpango wa dharura na anayeandaa taarifa za hewa, na kila mmoja aje na faili lake. Linganisheni orodha ya kemikali iliyo katika kibali na ile waliyo nayo zimamoto. Katika kikao chetu cha kwanza orodha hizo zilitofautiana kwa matangi mawili, mojawapo likiwa limeongezwa na jingine likiwa limekwisha kuondolewa, huku zimamoto wakiendelea kulifanyia mazoezi lile lisilokuwepo.

Zoezi letu la karibuni lilifanyika asubuhi tena. Afisa wa zamu, kijana wa miaka michache kazini, alisoma upepo kwenye redio kabla ya kusema neno jingine lolote, na wakazi wakaelekezwa kwenye uwanja wa pili, upande wa mlimani, wakati kitambaa juu ya tangi kilikuwa kimenyooka kuelekea shuleni kama zamani. Zoezi la usiku, katika ile hewa iliyotulia ninayoiogopa kuliko zote, bado hatujalifanya, kwa sababu inaonekana ni usumbufu kuwaamsha watu. Nimeliweka kuwa ajenda ya kwanza ya kikao kijacho, na nimeambatanisha rekodi ya upepo ya saa tisa usiku ya miezi 12 iliyopita.