Sajenti na binti mfalme

SWALI: Mhariri, shemeji kaniambia kuna muvi ya kimya ya zamani, mwanajeshi wa Urusi anampenda binti mfalme halafu mapinduzi yanatibua kila kitu. Ndo ipi hiyo?

JIBU: Itakuwa Tempest ya 1928. John Barrymore ndo sajenti mtoto wa mkulima, Camilla Horn ndo binti, anamdharau kinoma, jamaa anapanda cheo afu analewa anaenda kulala kitandani kwa binti (hapo kajimaliza mwenyewe), anavuliwa cheo anatupwa jela. Mapinduzi yakaja, kibao kikageuka, sasa mfungwa ni binti. Seti za muvi hii, pamoja na za muvi nyingine, The Dove, zilimpa mbunifu wa seti William Cameron Menzies Oscar kwenye tuzo za kwanza kabisa 1929. Ila mtazame Barrymore kule selo, macho tu yanaongea.