Pangani: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Wengi wakipanga kwenda Pangani, mji wa pwani mkoani Tanga, huanza na bei ya chumba. Anza na mwezi. Mji wenyewe utauzunguka kwa miguu asubuhi moja: Boma, soko, nyumba kongwe kando ya mto zinazomomonyoka taratibu. Kinachofaa kukulaza siku tatu ni bahari, na hasa Maziwe, fungu la mchanga mweupe takriban kilomita 8 kutoka pwani. Maji yakijaa, fungu huzama.

Hesabu yake ni hii. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani hii, siku hizo maji hufika chini kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kila kukicha, muda husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ndiyo maana wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, saa ileile ya nne unakuta bahari iko juu. Ukija siku hizo utalipia boti ukatazame maji.

Ikiwa kupwa ni saa nne na nusu, tweka kama saa mbili na nusu, ufike maji yakiwa bado yanatoka. Saa ya kwanza baada ya kupwa maji hurudi kwa kunyata, yakakudanganya. Saa ya tatu na ya nne ndizo yanapopanda karibu nusu ya kimo chote. Nahodha akisema tuondoke, usimwombe dakika kumi za picha.

Fungu halina mti hata mmoja. Mivinje iliyokuwapo zamani ilikwisha, mawimbi yakala ardhi. Kwa hiyo beba lita tatu za maji kwa kila mtu, mwavuli au turubai, na viatu vya kuingilia majini, kwani kwenye matumbawe wamo viumbe weusi wa miiba mirefu, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyama. Kasa hutaga huko pia. Mayai huhamishiwa ufukwe wa Ushongo, maana yakiachwa hufikiwa na maji. Ukiwa Ushongo, ulizia kama kuna kiota kinachokaribia kuanguliwa.

Maziwe ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo kuna kiingilio mbali na nauli ya boti. Dai stakabadhi, na beba kitambulisho cha taifa ulipe bei ya raia. Kuhusu boti, uliza mambo matatu kabla ya kutoa shilingi: bei ni ya chombo kizima au ya kichwa, kiingilio kimo au hakimo, na majaketi ya kuokolea yako wapi. Yaone kwa macho.

Toa pesa taslimu mjini kabla ya kuvuka mto kwenda Bweni na Ushongo. Masika, Machi hadi Mei, barabara za udongo huwa tope. Juni hadi Septemba kusi huvuma na bahari huchafuka, hasa alasiri. Mwezi wa Ramadhani mama ntilie wengi hawapiki mchana. Nunua mkate jioni.