Barua kwa mwanangu: usiache pombe peke yako

Mwanangu mpendwa,

Nimeupokea ujumbe wako na nimeusoma mara nyingi kabla ya kuketi kukujibu. Unaniuliza kama mtu aliyefikia hatua ya kuzimua kila asubuhi, ili mikono itulie kabla hajaenda kazini, anaweza kweli kuachana na pombe, na kama anaweza, aanzie wapi, maana umejaribu mwenyewe na umeshindwa. Swali la kwanza nalijibu kwa neno moja: anaweza. La pili linahitaji maelezo marefu, nami nakuomba uyasome yote kabla hujafanya lolote, kwa sababu mpango uliouandika, wa kujifungia chumbani Jumatatu na kuacha ghafla mpaka mwili uzoee, unaweza kukuua.

Nayasema haya nikiwa mama yako, na pia nikiwa muuguzi mstaafu aliyeyaona kwa macho yake wodini. Mtu anapokunywa kwa wingi kila siku kwa muda mrefu, pombe huwa inazipoza shughuli za ubongo, nao ubongo hujirekebisha kwa kuongeza msisimko ili uendelee kufanya kazi. Ukiiondoa pombe kwa mkupuo mmoja, ule msisimko hubaki bila cha kuuzuia. Ndiyo maana ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho huanza kutetemeka, jasho, kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi. Katika siku mbili za mwanzo mtu anaweza kuanguka kwa degedege hata kama hajawahi kuugua kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya watu huchanganyikiwa kabisa, wakaona wadudu ukutani na kusikia sauti zisizokuwapo, huku mwili ukichemka na moyo ukienda mbio. Hali hiyo isipotibiwa huua. Huku kwetu wapo waliofikia hapo, ndugu zao wakaamini wamerogwa na kuwapeleka kwa mganga, wakati kilichohitajika ni kitanda cha hospitali.

Kwa hiyo Jumatatu usijifungie. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, au idara ya afya ya akili pale Muhimbili, na mpaka utakapomwona daktari usiikate pombe ghafla. Ukianza kuona mauzauza au ukaanguka kabla ya siku hiyo, mkeo akupeleke kitengo cha dharura saa hiyo hiyo. Hospitalini, daktari anaweza kukupa dawa ya kutuliza kama diazepamu, ikianza kwa kipimo kikubwa na kupunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi huishiwa nayo na ambayo upungufu wake huharibu kumbukumbu na mwendo. Kama wakitaka kukutundikia dripu ya glukosi, waambie wazi kwamba wewe ni mnywaji wa kila siku, kwa sababu vitamini hiyo inapaswa kutangulia. Wataje kiasi unachokunywa bila kukipunguza, na kama ni gongo, sema gongo. Huenda wakakuuliza maswali 10 yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani kupima unywaji. Wakati yanatengenezwa, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi sita zilizoyafanyia majaribio, kwa hiyo usidhani yalitungwa kwa ajili ya watu wa mbali wasiofanana nasi.

Umeandika kwamba unaona aibu, na kwamba mwanamume anayeshindwa na chupa hana haki ya kumsumbua daktari. Neno hilo limeniumiza kuliko yote uliyoandika. Nimewauguza walimu, madereva, askari na wainjilisti wenye tatizo hili, na hakuna hata mmoja niliyemwona akipona kwa kuaibishwa. Uraibu wa pombe ni ugonjwa unaotambuliwa na wataalamu wa tiba, una dalili zake na matibabu yake, na huwapata zaidi wale ambao katika familia zao upo tayari. Babu yako mzaa baba unamkumbuka. Hilo halikuondolei wajibu kwa mkeo, kwa watoto wala kwa mwajiri wako, lakini wajibu wenyewe unakutaka utibiwe.

Kumbuka kwamba zile siku za hospitali ni mwanzo tu. Mwili ukishatulia, hamu hubaki, nayo huja zaidi ukiwa umechoka, ukiwa na hasira, au ukikutana na marafiki wa kijiweni siku ya mshahara. Zipo dawa zinazosaidia kuipunguza, naltreksoni na akamproseti, ambazo mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Hazipatikani katika kila duka la dawa, ila muulize daktari kwa majina. Ipo pia disulfiramu, ambayo humfanya anayekunywa juu yake awake uso, atapike na moyo umwende mbio. Mtu huimeza kwa hiari yake na chini ya uangalizi wa daktari. Nasikia shangazi yako amemshauri mkeo anunue unga fulani akuchanganyie kwenye chakula bila wewe kujua. Nimempigia simu na kumkataza kabisa, kwa kuwa mtu anaweza kupoteza maisha kwa dawa ya namna hiyo, na hata akinusurika, hatamwamini tena anayempikia. Vilevile jihadharini na watu wanaowafungia wagonjwa kwa minyororo na kuita hayo matibabu. Mkishauriwa nyumba ya upataji nafuu, ile wanayoiita sober house, ulizeni kwanza kama imesajiliwa na kama kuna daktari anayewahudumia waliomo. Na kama hali yako itahitaji matibabu ya muda mrefu zaidi, Dodoma kuna Hospitali ya Mirembe na kituo chake cha Itega, ambacho huwahudumia waraibu.

Jambo ninalotaka ulishike kwa nguvu kuliko dawa zote ni mazungumzo. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti mdogo uliofanyika Eldoret, Kenya, miongoni mwa watu wanaoishi na VVU waliokuwa wakinywa kupita kiasi. Walikutana katika vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki chache tu, wakafundishwa kuvitambua vishawishi vyao na namna ya kuvikataa, na waliowaongoza hawakuwa madaktari bingwa bali wahudumu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Siku 90 baadaye, takriban watu 7 kati ya 10 katika vikundi hivyo walikuwa hawanywi, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa takriban 4 kati ya 10. Hapa Moshi nako, wataalamu wa hospitali ya KCMC wamekuwa wakikaa na majeruhi wanaofika kitengo cha dharura na kuzungumza nao kwa muda mfupi kuhusu unywaji wao, katika mpango uliopewa jina la Kiswahili, Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Nayataja haya ili ujue kwamba kazi hii inafanyika katika miji yetu, na watu wetu.

Kisha tafuta kikundi cha Alcoholics Anonymous, ambacho wengi hukiita AA, cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Jijini Dar es Salaam vipo. Chama hicho kilianza mwaka 1935 huko Akron, Marekani. Bill Wilson, mfanyabiashara aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alijikuta ugenini, biashara imeharibika, na baa ya hoteli iko jirani. Badala ya kuingia humo alipiga simu kutafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, akaelekezwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith. Wilson ndiye aliyekwenda kuomba, na wote wawili wakapata nafuu. Katika vikundi vya AA hakuna kiingilio, hulazimiki kusema jina lako kamili, na kinachotakiwa ni nia ya kuacha. Ninajua unasali, nami ninakuombea kila usiku, lakini ninaamini kwamba Mungu anayesikia maombi ndiye pia aliyewapa watu hao maarifa. Usimruhusu mtu yeyote akuambie uchague kimojawapo.

Ukirudia kunywa baada ya kuacha, na inawapata wengi, usikae nayo siri kwa wiki nzima ukingoja kujisafisha kwanza. Rudi kliniki siku hiyo hiyo, maana daktari atataka kujua ni wapi mpango haukutosha ili auongezee. Ini lililojaa mafuta kwa sababu ya pombe linaweza kupata nafuu ndani ya wiki chache za kutokunywa, na usingizi na kumbukumbu hurejea taratibu. Ini likishakuwa na makovu halirudi kirahisi hivyo, na ndiyo sababu sitaki usubiri mwaka ujao. Mkeo naye anahitaji watu wa kuzungumza nao. Vipo vikundi vya Al-Anon, ambavyo ni vya familia za wanywaji. Na yule rafiki yako wa Nairobi uliyesema yuko katika hali kama yako, mwambie apige namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya inayopambana na ulevi na dawa za kulevya; simu hiyo ni ya bure.

Limebaki suala la Desemba. Unajua tunavyongojea watoto wote warudi mlimani, na unajua pia kwamba kuanzia tarehe 20 hakuna boma utakaloingia usipokewe na mbege, pombe yetu ya ndizi, na kwamba wazee watauona udhuru wako kuwa dharau. Nimezungumza na baba yako na tumekubaliana kwamba mwaka huu usije. Atawaeleza wazee kwamba uko kwenye matibabu, kama ambavyo angesema kwa ugonjwa mwingine wowote, na mimi na yeye tutapanda basi tarehe 22 tuje kula Krismasi kwenu. Mwambie mkeo asinunue kinywaji chochote kwa ajili ya baba yako. Amesema atakunywa chai.

Jumatatu ukitoka hospitali nipigie unieleze daktari amesema nini na amekupangia tarehe gani ya kurudi.

Mama yako