Maswali ya Wastaafu: Bao, Bustani na Kahawa ya Jioni

Barua zilizotufikia safari hii zimetoka kwa watu waliokwisha kuaga madarasa, ofisi, karakana na gati, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: je, mstaafu anaruhusiwa kuifurahia siku yake bila kuigeuza kuwa mradi? Mimi naamini anaruhusiwa, tena anapaswa, na nitajaribu kuonyesha namna. Maswali yanayohusu hesabu za pensheni nimeyaweka kando, kwa kuwa yana wataalamu wake.

SWALI: Nilifundisha shule ya msingi hapa Tabora hadi nilipotimiza miaka 60. Bado naamka saa 11 alfajiri kama zamani, nakaa kitandani nikisikiliza majogoo, na ikifika saa 2 asubuhi naiona siku nzima imenikalia. Nifanye nini na asubuhi zangu?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Kwanza, usijilazimishe kulala zaidi. Mwili uliozoea kengele ya shule kwa miaka mingi hauachi desturi yake kwa sababu tu barua ya kustaafu imetoka, na alfajiri ndiyo saa yenye hewa nzuri kuliko zote katika mji wenu, ambao jua lake la kiangazi halina huruma. Toka nje utembee. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wakiwemo waliovuka miaka 65, wapate kati ya dakika 150 na 300 za shughuli za wastani kila wiki, maana yake ni kwamba mwendo wa nusu saa kwa siku tano unatosha kukufikisha kwenye kiwango cha chini. Tembea kwa kasi inayokuruhusu kuzungumza lakini isiyokuruhusu kuimba, na usijali njia kuwa ileile kila siku, kwa kuwa njia ileile ndiyo inayokupa watu wa kusalimiana nao.

Ukirudi nyumbani, pawe na kitu kinachokungoja. Ningependekeza tuta la mchicha kabla ya zao lolote jingine, kwa sababu mchicha haumchoshi mkulima kwa kumngojesha. Lima tuta dogo ambalo mkono wako unafika katikati bila kukanyaga udongo, changanya samadi iliyooza vizuri, kisha chukua mbegu, ambazo ni ndogo mno kiasi kwamba zikimwagwa peke yake huangukia mahali pamoja, uzichanganye na mchanga mkavu ndipo uzitawanye. Fukia kwa udongo mwembamba sana, tandaza nyasi kavu juu yake, umwagilie taratibu kwa keni yenye matundu madogo. Baada ya siku chache utaanza kuviona vichipukizi vikisukuma udongo, na hapo ndipo uondoe nyasi ili vipate mwanga. Katika wiki ya tatu au ya nne unaanza kuvuna kwa kupunguza mahali palipobanana, na miche inayobaki inanenepa. Ukipanda tuta jipya kila baada ya wiki mbili, hutakosa kazi ya asubuhi wala mboga ya mchana, na fungu la ziada mpelekee jirani. Wengi watakushauri uuze. Waache waseme; wewe una haki ya kuwa na bustani isiyo na daftari la mauzo.

SWALI: Mume wangu alistaafu mwaka jana. Kila siku baada ya sala ya alasiri anakwenda barazani kucheza bao na harudi mpaka maghribi. Watoto wetu wanasema baba yao anapoteza muda, nami nabaki peke yangu hapa nyumbani Tanga. Je, nimkataze?

JIBU: Mama yangu, usimkataze. Inawezekana watoto hawajawahi kukaa wakalitazama bao likichezwa tangu mwanzo hadi mwisho. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 yaliyopangwa katika safu nne za manane manane, na kete 64 zinazogawanywa sawa kwa wachezaji wawili. Mchezo unapoanza, kila mmoja anaweka kete kumi tu ubaoni, yaani sita katika nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na zile 22 zilizobaki anazishika mkononi ili azinamue, yaani aziingize ubaoni, moja baada ya nyingine. Kila kete inayoingia inaweza kuzaa mtaji, yaani mchezo wa kuteka kete za mpinzani, na kila mtaji unaweza kupeleka mkono ukizunguka ubao mzima, ukiteka na kusambaza, ukiteka tena na kusambaza tena, hadi uishie kwenye shimo tupu. Mchezaji mzuri anayaona hayo yote kichwani kabla hajagusa kete hata moja. Anajua ni lini aitumie nyumba yake na ni lini aiache ijae, na anakumbuka kilicholala katika safu ya nyuma ya mwenzake ingawa hakuhesabu kwa kidole. Kisha kete za mkononi zikiisha, mchezo unabadilika, na mwenye safu ya mbele tupu ndiye aliyeshindwa.

Mtu anayefanya hivyo kila jioni, huku akijibu vijembe vya mpinzani na kuvumilia ushauri wa watazamaji ambao hawakuombwa, hapotezi muda hata kidogo. Mwalimu Nyerere, aliyeng'atuka urais mwaka 1985 akarejea Butiama, alijulikana kwa mapenzi yake ya bao, na hakuna aliyemwona kuwa mtu asiye na shughuli. Zaidi ya mchezo wenyewe, baraza linampa mume wako watu ambao wataulizana asipoonekana siku mbili, na hilo kwa mtu wa umri wake ni jambo kubwa.

Hata hivyo, nusu ya pili ya barua yako ndiyo iliyonigusa zaidi, kwamba unabaki peke yako. Tatizo lako haliko kwenye bao la mumeo. Liko kwenye jioni yako isiyo na wenzio. Katika pwani yetu kina mama wamekuwa na baraza lao la uani tangu zamani, mahali pa kusukia ukili. Kama ulijifunza utotoni, vidole vyako havijasahau: ukindu unalowekwa ulainike, unachanwa vipande vyembamba vinavyolingana, vingine vinatiwa rangi ya kuchemsha, kisha vinasukwa kuwa ukili mrefu unaokunjwa duara hadi utoshe kushonwa mkeka. Uzuri wake ni kwamba macho na mikono vinashughulika huku mdomo uko huru kuzungumza. Waite majirani wawili au watatu, weka birika la chai ya mkandaa au ya tangawizi, na saa ile ile mzee anapotoka, nawe uwe na pa kukaa. Kisha zungumza naye mtenge jioni moja katika wiki ambayo ni yenu wawili. Akitaka kukujibu kwamba wenzake watamngoja, mwambie wataendelea bila yeye.

SWALI: Mimi ni mstaafu wa Singida. Watoto wangu wanataka nitumie sehemu ya kiinua mgongo kujenga banda la kuku 300 wa mayai. Mimi nataka kuku wachache wa kienyeji, niwatazame tu wakichakura. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, mzee wangu, na nakuunga mkono bila kusita. Kuku 300 wa mayai wanahitaji chakula cha kununua kila siku, chanjo na dawa kwa ratiba, kijana wa kumlipa mshahara, na soko la mayai ambalo halikungoji. Hiyo ni ajira mpya, na anayeitaka aiite ajira badala ya kuileta kwako kwa jina la mapumziko. Watoto wako wanakutakia mema, sina shaka. Waeleze kwa upole kwamba fedha hiyo ni ya kukutunza wewe na mama yao, na kwamba anayeupenda mradi anaweza kuuanzisha kwa mtaji wake mwenyewe, nawe utampa ushauri.

Kuhusu kuku wako wachache, nina sharti moja tu: wachanje dhidi ya kideri, ugonjwa ambao wengine wanauita mdondo na ambao unaweza kumaliza kuku wa mtaa mzima kwa muda mfupi. Chanjo aina ya I-2 hutolewa kwa tone moja jichoni, kipimo kilekile kwa kifaranga na kwa jogoo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chanja wakiwa wazima, maana chanjo si tiba. Ungana na majirani mnunue kichupa kimoja na mchanje siku moja, kwa sababu kuku wasiochanjwa wa jirani ni hatari kwao na kwa vifaranga wako wapya. Baada ya hapo weka kigoda chako uani. Utamwona mtetea akitaga mayai yake kumi na kitu, akiyaatamia siku 21, akitoka mara moja tu kwa siku kula na kunywa, na kabla vifaranga havijatoka utamsikia akiviita vikiwa bado ndani ya maganda.

SWALI: Nawapenda wajukuu zangu, lakini tangu niache kazi ya uuguzi binti yangu ananiletea watoto watatu kila siku, kuanzia asubuhi hadi jioni. Nimechoka, na naona haya kusema. Niko Dodoma.

JIBU: Shikamoo mama. Ulilea wanao, ukalea wagonjwa wa watu wengine, na sasa umepewa zamu ambayo haina orodha ya kubadilishana. Binti yako pengine hajui kwamba umechoka, kwa sababu hujamwambia na kwa sababu tumezoea kudhani bibi aliyeko nyumbani hana jambo lake. Mwite mkiwa wawili, si mbele ya mumewe wala watoto, umwambie siku ambazo utawapokea na siku ambazo ni zako, na uzitaje kwa majina. Usitoe visingizio vya ugonjwa. Ukisingizia mguu leo, kesho utalazimika kuchechemea. Akitatizika kupata msaidizi, mpe muda wa mwezi mmoja wa kujipanga.

Katika siku utakazobaki nao, jitengee kipande kimoja ambacho kinakufurahisha wewe pia. Saa moja jioni, kabla hawajachukuliwa, sema "Paukwa!" wakujibu "Pakawa!", uwape hadithi moja na vitendawili vichache, kisha waache nao watege vyao hata kama havina jibu. Wajukuu wachovu na bibi aliyepumzika wanasikilizana vizuri.

SWALI: Nilikuwa karani wa mahakama hapa Songea. Furaha yangu ilikuwa kusoma, lakini macho yananisumbua na nimenunua miwani barabarani bila nafuu.

JIBU: Nenda kliniki ya macho kabla ya kununua miwani nyingine. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena, lakini presha ya macho huanza bila maumivu na uoni unaopotea kwa sababu yake haurudi, hivyo kuchelewa ni hasara. Ukingojea, mpe mwanafunzi yeyote wa jirani gazeti akusomee kwa sauti. Utamsaidia kusoma kwake, na atakapokosea utamsahihisha.

SWALI: Nilifanya kazi kwenye reli ya kati, Dar es Salaam. Nikitamani kupanda treni mpya ya mwendokasi kwenda Morogoro na kurudi, bila shughuli yoyote, mke wangu ananicheka. Je, ni upuuzi?

JIBU: Si upuuzi hata kidogo, bwana. Reli ya zamani ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Morogoro mwaka 1907, na mtu aliyeitumikia ana kila sababu ya kutaka kuona treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma mwezi uliofuata, ikipita katika nchi ileile. Utatazama madaraja, mataruma na vituo kwa jicho ambalo abiria wengine hawana: Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere. Panda ya asubuhi, ukashuke uitazame milima ya Uluguru, uingie Soko Kuu la Chifu Kingalu ununue ndizi na mboga za milimani, kisha urudi jioni. Mkatie mama naye tiketi. Mweleze njiani jinsi kazi yenu ilivyokuwa, mambo ambayo huenda kwa miaka yote ya zamu za usiku hukupata nafasi ya kumsimulia.

SWALI: Hapa Mombasa wenzangu hukutana jioni kwa kahawa. Tangu nistaafu nimeanza kujitenga, kwa kuwa naona aibu kununuliwa kahawa na walio bado kazini. Nifanyeje?

JIBU: Rudi barazani, ndugu yangu. Kahawa tungu ni kinywaji cha kukaa, si cha kushiba: kikombe kidogo kisicho na mkono, kahawa inayomiminwa kutoka kwenye dele lililokaa juu ya makaa, kipande cha kashata au kokwa chache za tende pembeni, na mazungumzo ambayo yana thamani kubwa kuliko bei yake. Wenzako hawanunui kahawa. Wananunua kuwapo kwako, na ukijitenga unawanyima walichokitaka. Walakini naielewa aibu yako, kwa sababu mtu aliyezoea kutoa huona uzito kupokea. Basi pima mfuko wako, uchague siku moja katika mwezi, ile ya baada ya pensheni kuingia, na umwambie muuza kahawa mapema kwamba vikombe vya jioni hiyo vyote ni vyako. Siku nyingine pokea kikombe kwa shukrani, ukae.